Maji Yanatembea

Bibi ndiye aliyesikia kwanza. Ilikuwa Agosti, nipo nyumbani Mtwara kwa likizo, umeme umekatika na feni zimenyamaza mtaa mzima. Bibi hulala chumba kinachopakana na bafu. Yapata saa nane usiku akaniita kwa sauti ya chini, kama mtu aliyesikia mwizi.

"Maji yanatembea," akasema.

Nikaenda bafuni na tochi ya simu. Koki ilikuwa inadondosha tone baada ya tone, kama ilivyofanya tangu nikiwa kidato cha pili, na chini yake lipo beseni la bluu ambalo Bibi huliweka kila usiku. Nikarudi kumwambia ni ile koki tu.

"Ile naijua. Ile inadondoka. Haya yanatembea."

Nilimwitikia ili alale. Bibi ana umri unaopita themanini, na sisi wajukuu tumejizoesha kumwitikia. Asubuhi nilipomsimulia Mama kama kichekesho, hakucheka. Aliingia chumbani akatoka na bili tatu za maji zilizobanwa kwa pini ya nywele. Nyumba ina watu wawili, Mama na Bibi. Bili ya Juni ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya Machi, na ya Julai ilikuwa na karatasi ya pili ya kumkumbusha kwamba huduma husitishwa deni lisipolipwa. Mama ni muuguzi mstaafu. Pensheni yake ina njia nyingi za kwenda, na mojawapo ni ada yangu.

Alikuwa amekwenda kulalamika. Kijana aliyemhudumia alimpa heshima zote, akamkalisha, akamweleza jambo moja ambalo Mama alilirudia kwangu neno kwa neno: "Mama, mpaka kwenye mita ni yetu. Ikishavuka mita ni yako."

Fundi alikuwa ameshaitwa mara mbili. Mara ya kwanza alibadilisha kichwa cha bomba la mvua, ambacho hakikuwa na tatizo. Mara ya pili alikaza kila kilichokazika, akalipwa, akaondoka, na mita ikaendelea kuzunguka. Mama alinitazama. "Wewe si unasoma mambo ya zamani? Bomba hili ni la zamani kuliko mimi kuolewa. Lisome."

Nilianza na kitu pekee nilichojua kufanya, yaani kutafuta kumbukumbu. Katika nyumba, kumbukumbu ya maji ni mita. Ya kwetu ipo kwenye kisanduku cha zege karibu na mkorosho wa jirani, na kioo chake kilikuwa na ukungu mpaka nikakisugua kwa kanga. Tarakimu nyeusi ni yuniti, kila moja lita elfu moja. Tarakimu nyekundu ni lita. Katikati kuna kigurudumu kidogo chekundu chenye meno, kidogo kuliko ukucha, na hicho ndicho kinachosema ukweli haraka: ukifunga koki zote za nyumba nacho bado kinazunguka, kuna mahali maji yanakwenda bila wewe.

Cha kwetu kilikuwa kinazunguka polepole.

Usiku huo nilifunga maji yanayopanda kwenye simtanki, maana tangi linalojijaza usiku huharibu hesabu nzima. Nikawaomba wote watumie maji ya ndoo, nikasoma mita saa nne. Saa kumi na moja alfajiri, kabla Bibi hajaamka kuswali, nikasoma tena. Lita 84 zilikuwa zimepita kwa saa saba. Hiyo ni lita 12 kwa saa, lita 288 kwa siku, yuniti nane na nusu na ushee kwa mwezi. Nilimwonesha Mama daftari. Bibi akauliza ni ndoo ngapi. Nikamwambia ndoo kumi na nne na zaidi kila siku, zile za lita ishirini. Akakaa kimya, halafu akasema kwamba katika maisha yake hajawahi kubeba ndoo kumi na nne kwa siku moja.

Bibi alizaliwa juu, Newala, kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde ambako nchi inakatika ghafla na bonde la Ruvuma linaonekana chini kama ramani. Uwanda ule ni mchanga mwekundu unaokunywa mvua mara inapotua. Hakuna mto juu yake. Maji yapo chini, kwenye chemchemi za miguuni mwa miteremko, na wanawake walishuka kuyafuata na kupanda nayo. Mjerumani Karl Weule, aliyefika Newala mwaka 1906 kukusanya habari za watu wa kusini, alishangaa jinsi Wamakonde walivyokaa mbali na maji, na akaandika hadithi wanayojieleza kwayo: mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mti ikageuka mwanamke, watoto wao wawili waliozaliwa karibu na mto wakazaliwa wafu, na wa tatu, aliyezaliwa juu kwenye kichaka, akaishi. Bibi anaijua hadithi hiyo bila Weule. Anachoongeza yeye ni kwamba aliyeitunga bila shaka alikuwa mwanamume, kwa kuwa hakusema nani angeshuka.

Dada yake mkubwa aliteleza mteremkoni akiwa na mtungi kichwani. Nyonga haikupona vizuri na alichechemea mpaka alipofariki. Nilikuwa nimesikia habari za nyonga. Sikuwahi kusikia, mpaka asubuhi ile ya daftari, kwamba alipofika nyumbani akiburuta mguu alikuwa akilia kwa sababu ya maji. Pwani tunasema kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi. Bibi akasema anayetamka hivyo hakubeba maji. Kwao chungu kipya kilipikiwa uji mwepesi kwanza ili vinyweleo vya udongo vizibe, na kinachotoa jasho hata baada ya hapo kilibaki kwa nafaka.

Katika miaka ya 1950 yalikuja maji ya kununua. Lilianzishwa Shirika la Maji la Makonde, mitambo ikasukuma maji ya chini mpaka juu, na watu wakalipa kwa debe kwenye vibanda. Bibi anakumbuka mama yake akishika debe kwa mikono miwili na kulitazama chini dhidi ya jua kabla ya kulipa, kuona kama lina tundu. Huyo, nadhani, ndiye mkaguzi wa kwanza wa uvujaji katika ukoo wetu.

Wakati huohuo, chini huku pwani, mji wa Mtwara ulikuwa unajengwa karibu kutoka mwanzo. Mji wa zamani ni Mikindani, ng'ambo ya ghuba, wenye nyumba zake za mawe na chokaa na boma la Wajerumani la 1895. Mtwara ya barabara pana ni mtoto wa karanga. Baada ya Vita vya Pili, Uingereza ilikosa mafuta ya kupikia, na serikali yake ikaamua kulima karanga Tanganyika kwenye zaidi ya ekari milioni tatu: Kongwa, Urambo, na huku kusini Nachingwea. Karanga za Nachingwea zilihitaji reli na bandari yenye kina, na kina kilikuwepo Mtwara. Mpango ulianza 1947 na ukatupwa Januari 1951, ukiwa umemeza pauni milioni 36 hivi. Bandari ilikamilika 1954, karanga zikiwa zimeshakufa. Reli ikafungwa na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kilichobaki ni gati, barabara pana kuliko magari yake, na nyumba za Shangani.

Nyumba zile za Shangani, za wakubwa wa wakati huo, upepo wa bahari ukiwafika, zilikuja na bafu ndani. Nimeingia katika mojawapo. Tangi la choo lilikuwa bado juu ukutani, la chuma cha kumimina, na mnyororo wake. Nililitazama kwa muda mrefu kuliko adabu ya mgeni, kwa sababu wakati ule nilikuwa nimeshaanza kuchunguza choo chetu na kugundua jambo la kuchekesha.

Choo chetu kilikuwa kinavuja. Kukijua ni rahisi: mimina bluu ya kufulia ndani ya tangi, usivute, subiri nusu saa. Maji ya sinki yakigeuka bluu, mpira wa chini ya tangi haufungi. Yetu yaligeuka kwa dakika kumi. Usiku wa pili nilifunga koki ndogo ya choo na kusoma mita tena: lita 63 badala ya 84. Robo ya hasara yetu ilikuwa inateremka chooni kimya, kwa mkondo mwembamba ambao jicho halioni.

Tangi lile la Shangani lisingeweza kuvuja hivyo. Tangi la Kiingereza la zamani halina mpira wa kufunika tundu la chini. Maji yanapaswa kunyanyuliwa kwanza yavuke kwenye bomba lililopinda, ndipo yajivute yenyewe na kushuka; usipovuta mnyororo, hayana njia ya kupita. Si bahati. Kanuni zilizotungwa chini ya sheria ya maji ya London ya 1871 ziliwalazimisha watu kutumia vyombo vya namna hiyo, kwa kuwa makampuni ya maji ya London yalichoka kupoteza maji kwenye vyoo vya wateja ambao hawakuwa na mita. Tangi hilo kwa Kiingereza liliitwa kizuia upotevu wa maji. Uingereza yenyewe iliruhusu vyoo vya mpira chini kwa kanuni za 1999. Kwa hiyo nyumba ya mkoloni pale Shangani, ambayo sidhani kama mtu alihesabu lita zake, ilikuwa na choo kisichovuja, na Mama, anayehesabiwa kila lita, amenunua kinachovuja. Nilibadilisha mpira wake. Ni kazi ya dakika ishirini: funga koki ndogo, vuta tangi litoke maji, fungua mlio wa plastiki, toa mpira uliokakamaa, sugua chokaa iliyoganda pale unapokalia, weka mpya. Boya nalo nililishusha kidogo, maana maji yalikuwa yanapanda mpaka kugusa bomba la akiba.

Dukani kwa vifaa vya ujenzi muuzaji aliniuliza, "Dada, fundi amekutuma size gani?" Nikamwambia fundi ni mimi. Akacheka, lakini kwa heshima, na akanifundisha zaidi ya mtu yeyote wiki ile.

Yeye ndiye aliyenieleza kwa nini bomba la nusu inchi halina nusu inchi popote. Nilikuwa nimepima bomba letu kwa rula, nje na ndani, na hakuna upande uliotoa milimita kumi na mbili na ushee. Ni jina tu, akasema, jina la zamani. Na kweli. Mabomba yanaitwa kwa tundu lililokuwa nalo zamani za chuma kinene cha Waingereza. Chuma kikawa chembamba, jina likabaki. Nchi yetu inapima kila kitu kwa mita, lakini fundi bomba wa Mtwara anasema nusu, robo tatu, inchi moja. Rezi nazo, ile mikato ya mzunguko inayofanya bomba lishike koki, zinatoka kwenye vipimo vya Joseph Whitworth, mhandisi aliyewaambia Waingereza mwaka 1841 waache kila karakana kukata rezi zake. Ndiyo maana koki iliyotengenezwa China mwaka jana inaingia kwenye bomba alilofunga Babu yangu 1976 na kukaa. Kile kiduara cheusi cha mpira ndani ya koki, washa, ni wa karne hiyohiyo: koki ya kufunga kwa kuzungusha ilisajiliwa na kiwanda cha Guest and Chrimes cha Rotherham mwaka 1845. Tumerithi vitu vingi kwa Waingereza vilivyoandikiwa tasnifu. Hili la rezi sijaona aliyeliandikia, na wasimamizi wangu, wanaosubiri sura yangu ya pili kuhusu korosho, wasichukulie sentensi hii kama ombi.

Babu alikuwa karani. Alijenga nyumba hii Majengo kwa awamu, na mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki aliyapata, kwa maneno ya Mama, "kupitia watu". Sikuendelea kuuliza. Viungo vyake alivifunga kwa katani na rangi ya mafuta, kama mafundi wa wakati ule walivyofanya, kabla ya tepu nyeupe. Nilipofungua kimoja nilikuta nyuzi zake bado ngumu, zimekolea rangi nyekundu. Mkonge ulilimwa huku, Mikindani na Lindi, kwenye mashamba makubwa. Nilifurahi kuukuta ndani ya bomba letu.

Mama anasema wakati huo maji yalikuwa ya kulipia kidogo, kiwango kimoja kila mwezi, utumie usitumie. Koki ikivuja uliiacha, au uliifunga mpira wa tairi kwa sababu sauti yake inaudhi. Ulikuwa wakati wa ahadi. Mwaka 1971 nchi ilijiwekea lengo kwamba ndani ya miaka 20 kila mwanakijiji apate maji safi kwa umbali usiozidi mita 400, na vijijini yalikuwa bure. Mkoani kwetu walikuja Wafini. Tangu miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 Finland iligharamia maji ya Mtwara na Lindi: mpango mkuu ukakamilika 1977, visima vikachimbwa, na pampu za mkono za NIRA zikasimama vijijini. Mjomba wangu mmoja alipata kazi ya kuzitengeneza. Ananiambia ugonjwa wao mkubwa ulikuwa uleule wa koki yetu, mpira. Mpira wa chini ukichakaa, maji yaliyokwishapanda hurudi kisimani, na mtu anapiga mpini mara thelathini kabla ya kuona tone. Wanakijiji walisema pampu imechoka. Maji yalikuwa yanavuja, ila kurudi chini, kwa mwenyewe, na hakuna aliyeyadai.

Mwaka 1991 ukafika na lengo halikufikiwa. Sera ya maji ya mwaka huohuo ikasema watumiaji wachangie. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990 mamlaka za maji za mijini zikapewa kujiendesha kwa mapato yao, na mita zikaanza kuenea ukutani na kwenye visanduku vya zege. Mama anakumbuka siku ya kufungwa kwa mita yetu kwa sababu Babu alivaa shati la mikono mirefu. Kuanzia siku ile mabomba aliyoyapata kupitia watu, yaliyolala chini ya sakafu aliyoichanganya kwa mchanga wa pwani, yakawa na bei.

Huo mchanga ndio uliotumaliza.

Baada ya choo kulikuwa bado na lita 63 za usiku mmoja. Nilifunga koki kuu iliyo hatua mbili baada ya mita, na kigurudumu kikasimama. Kwa hiyo kosa lilikuwa upande wetu, si kati ya mita na koki. Lakini nyumba ya Babu haina koki nyingine ya kugawa maji. Ukifungua, umefungua nyumba nzima. Ilibaki kusikiliza. Mafundi wa maji duniani kote wana fimbo ya chuma wanayoiweka juu ya bomba na sikioni. Mimi nilichukua kipande cha nondo. Usiku, friji imezimwa, nikaweka ncha moja sakafuni, nyingine nyuma ya sikio, nikasogea hatua kwa hatua. Jikoni palikuwa kimya. Ukumbini kimya. Bafuni, kwenye pembe inayopakana na kitanda cha Bibi, nikasikia mvumo mwembamba, usiokatika, kama mtu anayenyamazisha mtoto akiwa mbali.

Maji yalikuwa yanatembea.

Nilipoangalia mchana, dalili zilikuwa nje zikinisubiri. Plasta ya ukuta chini ya dirisha la bafu ilikuwa na unga mweupe wa chumvi mpaka urefu wa goti, na nyasi za pale zilikuwa kijani mwezi wa Agosti. Tulizipita kila siku tukienda kuanika nguo.

Nilivunja sakafu kwa tindo na nyundo. Siku ya kwanza sikufika popote ila kwenye malengelenge. Siku ya pili Mjomba alikuja, akanitazama kidogo, akavua saa. Tulikuta kiungo cha kona, elbo, na juu yake mchanga uliokuwa laini kama uji. Bomba lenyewe lilikuwa zima. Lilioza pale rezi zinapoingia kwenye elbo, na Mjomba akanionesha kwa nini: kukata rezi ni kuondoa zinki na kupunguza unene wa chuma kwa wakati mmoja, kwa hiyo kiungo ndicho mahali bomba linapokuwa uchi na jembamba. Ongeza mchanga wa pwani wenye chumvi, ongeza miaka karibu hamsini. Tundu lilikuwa dogo, ncha ya kalamu.

Hapa niliharibu. Niliona ni kufungua elbo na kuweka nyingine. Nikashika spana ya bomba kwa mikono yote miwili nikavuta, Mjomba akasema "taratibu, mwanangu," na bomba la ukutani, upande wa pili kabisa, likakatika ndani ya ukuta kwa sauti ya jino. Bomba la zamani halipindwi upande mmoja bila kulishika upande mwingine kwa spana ya pili. Sasa najua. Tulikaa bila maji siku mbili, tukachota kwa jirani, na Bibi hakusema lolote, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kama angesema.

Uamuzi ulikuwa wa Mjomba na ninaukubali: tusifukue tena. Ukibadilisha kiungo kimoja kwenye chuma cha umri ule, unampa mwenzake zamu. Tulikata bomba la Babu mahali lilipoingia bafuni, tukaliziba kwa kifuniko, tukaliacha lilale chini ya sakafu. La plastiki ya kuunganisha kwa moto tulilipitisha juu ya ukuta, wazi, linaonekana, halipendezi. Mashine ya kuunganishia ilikuwa ya kukodi. Unachomeka bomba na kiungo kwa pamoja, unahesabu sekunde tano kwa bomba la milimita 20, unachomoa, unaunganisha bila kuzungusha, unashikilia mpaka yashikane. Bomba likiwa na tone la maji ndani, kiungo hakishiki sawasawa na utakijua baada ya mwezi. Tuliacha kila kitu wazi siku nzima, maji yakiwa ndani, tukipitisha karatasi kavu ya chooni chini ya kila kiungo. Ikabaki kavu.

Nawaambia rafiki zangu wa Dar kwamba nimefunga bomba Mtwara, nao wanauliza la gesi. Ndivyo mji wetu unavyojulikana tangu 2013, watu walipoingia barabarani kwa sababu gesi ya Mnazi Bay ilipangiwa kwenda Dar es Salaam. Maji yetu ya kunywa yanatoka visima vya Mtawanya. Mto Ruvuma unapita kusini kwetu na kujimwaga baharini, na mpango wa kuuleta mjini umezungumzwa kwa miaka. Bibi, aliyeutazama ule mto kutoka juu utoto wake wote, huuliza kila nikipiga simu kama umeshafika.

Usiku wa mwisho kabla ya kurudi chuo nilisoma mita tena, saa nne na saa kumi na moja. Tarakimu hazikusogea. Hata lita moja. Nilifurahi kwa muda wa kama dakika moja, halafu nikakumbuka koki ya beseni. Sikuwa nimeigusa, washa yake nilikuwa nimeinunua lakini kazi ya sakafu ilinimaliza. Nikaenda bafuni. Ilikuwa inadondosha vilevile. Nikaweka chupa ya nusu lita chini yake na kuangalia saa: ilijaa kwa dakika 24. Lita 30 kwa siku, ndoo moja na nusu, na mita ilikuwa imeapa kwamba hakuna kilichopita.

Niliuliza, na jibu si siri. Ndani ya mita kama yetu kuna kigurudumu kinachosukumwa na maji. Mkondo ukiwa dhaifu mno hauna nguvu ya kukisukuma; unapenya pembeni. Wahenga walisema chururu si ndondondo, na mita imekubaliana nao. Ile koki iliyotukera miaka yote, tuliyomlaumu fundi kwa ajili yake, ikidondosha peke yake haikutugharimu hata senti. Maji yake yameandikwa kwingine, kwenye hesabu ya mamlaka, katika safu ya maji yanayozalishwa na kupotea bila kulipiwa.

Nilimweleza Mama, na Mama, aliyekuwa muuguzi kwa miaka 34 na hajawahi kuchukua hata bandeji isiyo yake, akasema nibadilishe washa hiyo kabla basi halijaondoka. Nikaenda na spana. Bibi alikuwa bafuni, amekaa kwenye kigoda, mikono ya gauni imepandishwa, anachota kwa kata kutoka kwenye beseni la bluu na kutawadha. Beseni lilikuwa limejaa mpaka ukingoni. Nikasimama mlangoni mpaka alipomaliza miguu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekuja kuifunga?"

"Mama amesema."

Akalitazama beseni. "Haya hayajaandikwa popote," akasema. "Nilijua tu."

Basi la Dar huondoka saa kumi na mbili. Washa ipo kwenye droo ya meza ya chakula, ndani ya karatasi yake.